Sauti Niliyoifuta

Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikila kwa kuwafunika watu sauti zao. Watengenezaji wa filamu wa Bungoma, wa Mlima Elgon, na mara mojamoja wa kule Mkoa wa Kati walikotoka babu zangu, huigiza kwa lugha za nyumbani, kisha huniletea Kitale niwatilie Kiswahili ili mtu wa Nakuru au wa Mombasa aelewe. Mimi ndimi wanawake wote. Nikiwa mke mdogo nabana koo, nikiwa mama mkwe naishusha sauti hadi tumboni, nikiwa mtoto wa shule naongelea puani. Mwenzangu mmoja, mwanamume mnene mwenye kifua cha mhubiri, ndiye wanaume wote, pamoja na polisi na ng'ombe.

Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kuta tumezibandika trei za mayai na magodoro ambayo hayangefaa tena kulaliwa, na juu yetu ni mabati. Mtu wa Kitale hahitaji kuelezwa mabati ni nini msimu wa mvua: ikifika saa nane mchana zima mashine, nenda ukanywe chai. Kwa hiyo tulirekodi asubuhi, na kila mhubiri wa stendi alipowasha kipaza sauti chake tulisimama, tukangoja amalize kukemea mapepo, tukaendelea.

Kazi hii niliipata kwa sababu nilizaliwa Kiminini. Wazazi wangu walikuja kutoka Kati wakanunua ekari tano, na majirani zetu pande zote tatu walikuwa Wabukusu. Upande wa nne ilikuwa barabara ya kwenda Webuye. Lubukusu niliiokota kisimani nikiwa na mtungi kichwani. Mama alilalamika kwamba nikigombana na ndugu zangu ninawatukana kwa lugha ya jirani. Naielewa yote, hata ile ya ndani ambayo vijana wa Bungoma wenyewe wameisahau, lakini mdomo wangu haujaikubali sawasawa. Nikisema neno moja tu, Mbukusu anatabasamu na kuniuliza kwetu ni wapi.

Filamu ninayotaka kuisimulia ililetwa na mwalimu mmoja wa Sirisia. Namwita mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu wa sekondari, kisha akaacha kazi ya serikali ili atengeneze filamu, na mkewe hajamsamehe hadi leo. Alikuwa mtu wa hasira na mwenye wasiwasi mwingi. Filamu yake ya kwanza ilizunguka kwenye simu za watu kabla hajaimaliza, kwa sababu waigizaji walikuwa wakirekodiana wenyewe kwa wenyewe. Tangu siku hiyo akaweka sheria: kabla ya kamera kuwashwa, beseni la kufulia linapitishwa, kila mtu anatia simu yake humo. Hata chifu alipokuja kutazama alitia ya kwake, akasimama pale mikono mitupu mpaka jioni. Tulimcheka mwalimu sana kwa ajili ya lile beseni. Siku hizi silicheki.

Mwigizaji wake mkuu hakuwa mwigizaji. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, muuza vitunguu na ndizi za kupika katika soko la Sirisia. Mwalimu alimsikia siku moja akimsema mteja aliyekuwa akiminyaminya ndizi bila kununua, akasimama na kapu lake kusikiliza mpaka mwisho, halafu akamwomba aje acheze filamu. Sote tulimwita kukhu, yaani nyanya, kama wanavyosema kwao.

Sauti yake ni lazima niieleze, kwa kuwa maelezo ndiyo yaliyobaki. Ilikuwa imekwaruzika kwa miaka mingi ya kuita wateja juani. Ilianza chini, ikapanda polepole, na ilipofika juu ilipasuka katikati, na pale ilipopasuka hukujua kama ucheke au ulie. Alikuwa anavuta silabi ya mwisho ya neno mpaka unaona aibu kwa niaba ya anayesemwa. Nimefanya kazi na watu waliosomea mambo haya chuoni, wenye vyeti vya kutundika ukutani. Hakuna hata mmoja aliyemkaribia yule mama.

Katika filamu yeye ni mjane ambaye shemeji yake ameuza ng'ombe wa mahari ya binti yake. Maandishi ya mwalimu yalimpa mistari minne ya kumlaumu shemeji. Kukhu alisimama katikati ya boma akaongea dakika kumi. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, rangi yake, nani alizaliwa mwaka ule alipozaa, nani alisomeshwa kwa maziwa yake, nani alizikwa kwa ngozi ya nani. Hakurudia neno. Yule mwanamume aliyeigiza shemeji akasahau kwamba anaigiza, akaanza kuomba msamaha kweli kweli, na mwalimu hakuikatiza kamera. Nilipoitazama mara ya kwanza kule ghorofani nilivua vifaa vya masikioni, nikatoka nje kusimama kwenye ngazi.

Kisha nikarudi ndani kufanya kazi yangu.

Nilikaa na zile dakika kumi siku nne. Ili utie sauti juu ya mdomo wa mtu lazima umsikilize mpaka ujue anapumulia wapi, kwa hiyo nilimsikiliza mara mia, mara mia mbili, sijui. Niliishia kuyajua maneno yake yote kwa kichwa, na vituo vyake, na kikohozi kimoja alichokimeza. Na baada ya kuyajua nikayakata. Nilijiambia kwamba mtu wa Nakuru hana haja ya kujua kila ng'ombe. Picha na maneno, dakika kumi zikawa nne. Nikaongeza mizaha miwili ya kwangu ambayo nilijua vijana wataipenda.

Sasa nikueleze kosa langu. Wenzangu wengi katika biashara hii hawahangaiki. Wanashusha sauti ya asili kidogo, wanaongea juu yake, na chini kabisa unamsikia mwenye filamu akiendelea na mambo yake kwa lugha yake. Mimi nilidharau kazi ya namna hiyo. Nilitaka safi. Nilitaka mtu atazame na aamini kwamba yule mama amezaliwa akiongea Kiswahili. Kwa hiyo niliondoa sauti yote ya asili, yote, mpaka upepo, kisha nikaujenga upya ulimwengu mzima: hatua za miguu nilizifanya kwa changarawe, mlango wa bati nilipiga wetu wa choo, hata kuku wake niliwatoa nikawatia kuku wa jirani yangu wa Kitale. Nilikuwa na kiburi. Sisemi kidogo, kwa sababu hakikuwa kidogo. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yangu na sikutaka isikike chini ya yangu hata kwa mbali.

Tulikuwa na diski moja tu ya kuhifadhia kazi. Ikaja kazi nyingine kutoka Mlima Elgon, diski ikajaa, na iliyochukua nafasi kubwa ilikuwa filamu ya kukhu kama ilivyokuja, na sauti zake zote. Nilimpigia mwalimu simu.

"Mwalimu, hii ya Lubukusu bado unaitaka? Nimemaliza nayo, inanijazia diski."

"Futa tu, bana. Si mimi niko na yangu hapa."

"Umehakikisha?"

"Nimeifungua jana. Iko sawa kabisa."

Nikafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuosha kikombe. Kadi za kamera mwalimu alikuwa ameshazifuta zamani ili apige nyingine, kama afanyavyo kila mtu huku, na mimi nililijua hilo.

Filamu ikatoka. Watu walikuja madukani na flashi zao kujaziwa, ikawekwa kwenye mabasi ya kwenda Mombasa, ikawekwa mtandaoni, na maneno yangu mawili ya mzaha yakaanza kusemwa na watoto wa shule. Mwanamke mmoja sokoni Kitale alinisikia nikiuliza bei ya nyanya akanishika mkono, akaniambia, "Ai! Si wewe ndiye yule mama wa ng'ombe?" Nilifurahi. Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu.

Mwezi wa tatu wa umaarufu wetu, wafanyabiashara fulani wakatualika kwenye tamasha uwanjani Kitale. Kukhu alikuja kutoka Sirisia amefunga kitambaa kipya kichwani, bado kina mikunjo ya dukani. Aliitwa jukwaani, akapewa kipaza sauti, watu wakapiga makofi kwa kuiona ile sura. Akawasalimu kwa lugha yake, "Mulembe." Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, na ile sauti yake ya kupasuka, "Mimi ndiye yure mwanamke wa ng'ombe."

Uwanja ukaanza kucheka.

"Si yeye! Hiyo si sauti yake!"

"Huyo ni feki, bana! Leteni mwenyewe!"

Akajaribu tena. Alianza kusema habari za soko lake, lakini vijana wa mbele wakawa wanamwiga, na mshereheshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kutoruhusu watu wakasirike, akamwondolea kipaza sauti kwa adabu, akanyoosha kidole kwangu. "Tulieni, watu wangu, tulieni! Sauti orijino tuko nayo hapa!"

Nilipanda. Ningeweza kukataa, nimelifikiria sana jambo hilo, na jibu ni kwamba ningeweza. Nikasema ile dakika ya kwanza ya maneno ya ng'ombe, na mizaha yangu miwili, na uwanja ukalipuka kwa vifijo. Kukhu alikuwa amesimama pembeni yangu. Alipiga makofi pamoja nao.

Baadaye tulikaa hotelini sisi wawili, yeye na ugali na matumbo, mimi na chai tu. Alikula vizuri, akanawa, akafuta mikono kwa leso.

"Mukhana," akaniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, msichana, ingawa nina watoto wawili. "Hiyo yako ni nzuri. Watu wamecheka. Na ire yangu umeweka wapi?"

"Iko, kukhu."

"Iko wapi?"

"Kwa mashine. Iko salama."

"Basi siku moja utaniwekea. Mimi sijawahi kujisikia. Siku mwarimu alionyesha watu huko Mabanga mimi nirikuwa nimelala na malaria. Wakaniambia eti nilisema vizuri sana." Akacheka kidogo. "Mimi hata sikumbuki nirisema nini. Nirikuwa nimekasilika tu."

"Nitakuwekea," nikasema.

Niliposema hivyo nilikuwa namwamini mwalimu. Hilo naweza kujitetea nalo, na ni kweli. Lakini sikumpigia mwalimu simu siku ile, wala wiki ile, wala mwaka ule. Kulikuwa na kazi. Kila filamu ilifuatwa na nyingine, kila mjane akafuatwa na mjane mwingine, na mimi nikiwafunika wote.

Binti yake ndiye aliyekuja, mwaka uliofuata, asubuhi moja ya jua. Alipanda ngazi zetu akafika akihema, mwanamke wa umri wangu na sura ileile, akakataa kiti, akakaa kwenye ukingo wa godoro moja lililobaki sakafuni.

"Dada, mimi ni binti ya kukhu wa Sirisia. Mama ariugua koo. Kurikuwa na uvimbe. Tumekaa Eldoret miezi miwili."

Nikamwuliza anaendeleaje.

"Amepona. Daktari amesema amepona. Lakini walikata kire kitu cha sauti. Anapumulia hapa." Akagusa shimo la shingo, chini. "Haongei tena. Hata kukohoa hakutoi mlio."

Nikasema pole, na yeye akasema asante.

"Amekuwa akionyesha mdomo, akionyesha televisheni. Sisi hatukuelewa, tukamwekea firamu. Akasukuma. Ndiyo tukajua. Haitaki hiyo yako. Usikasilike, dada. Anataka ire ya kwetu, anayoongea mwenyewe. Anataka kujisikia."

"Kwenye simu zenu hamna?" nikauliza. "Hata kidogo?"

Alikuwa ameshatafuta. Siku za kupiga filamu simu zote zilikuwa kwenye beseni la mwalimu. Kukhu alikuwa na simu ndogo ya tochi, ya kupiga na kupokea tu, na watu wake walimpigia, hawakumrekodi. Nani hurekodi mama yake akiuliza kama mmekula? Kwenye simu ya binti kulikuwa na video moja ya harusi ya kanisani. Alinichezea. Wanawake hamsini wakiimba, na kukhu mstari wa tatu, mdomo wazi. Niliisikiliza kwa vile vifaa vyangu vya masikioni mara nyingi, mimi ninayejisifu kwa kutenganisha sauti za watu, na sikuweza kumtoa humo.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia binti. Sikumwambia kwamba nilifuta.

Alipoteremka ngazi nilimpigia mwalimu hapohapo. Alisema, bila wasiwasi wowote, kwamba anayo, ngoja aifungue. Nikamsikia akiwasha kompyuta. Nikasikia muziki wa mwanzo, ule muziki wa dakika tatu unaopigwa huku mlima na mashamba ya mahindi yakionyeshwa. "Si unasikia? Iko."

"Peleka mbele, mwalimu."

"Ati nini?"

"Peleka mbele. Anapoanza kuongea."

Akapeleka mbele. Kwenye simu, kutoka Sirisia, nikasikia mimi mwenyewe nikiongea.

Alikuwa na nakala niliyomtumia mimi, aliyoihifadhi kwa jina lilelile juu ya ile ya Lubukusu. Siku moja kabla sijamwuliza aliifungua, akaona mlima, akasikia muziki, akaridhika, akafunga. Filamu ameitazama mara mia akiihariri; nani angekaa kuitazama tena? Hakunilaumu na mimi sikumlaumu, na filamu ikaendelea kuongea kwa sauti yangu hadi salio langu likakatika.

Nikaanza kutafuta CD. Kwa onyesho la Mabanga mwalimu alikuwa amechoma CD ishirini za Lubukusu, akawagawia waigizaji na marafiki. Hizo ishirini ndizo zilizokuwa na sauti yake duniani kote. Kukhu alipewa moja. Hakuwa na mashine ya kuichezea, akaiazima kwaya, kwaya ikampa mchungaji, mchungaji akahamishwa. Nilikwenda Bungoma mara tatu. Nilipanga foleni kwenye vibanda vya kujaza flashi, nikiwauliza vijana kama wana ile ya mama wa ng'ombe, na kila mmoja alikuwa nayo, akaifungua kwa furaha, na kila mara ilikuwa mimi. Kijana mmoja alinitazama usoni, akatazama mashine, akasema, "Lakini wewe si ndiye huyu?" Nikaondoka.

Aliyeigiza shemeji anaishi nje kidogo ya Mabanga. Alinipokea vizuri, mkewe akaleta chai na viazi vitamu. Alikumbuka CD yake. Alisimama akanipeleka nyuma ya nyumba, na nilipoona anaelekea shambani nikajua kabla hajaonyesha. Wimbi lilikuwa limeiva, na juu yake alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, na kwenye kamba CD zilikuwa zikizunguka na kumetameta kufukuza ndege. Zilikuwa tisa. Alipokea za wenzake pia, akanieleza, kwa sababu siku hizi hakuna mwenye mashine ya CD, na ndege wanaziogopa sana.

Tulizifungua zote tisa. Moja ilikuwa na maandishi ya mwalimu, wino umebaki herufi mbili. Nilirudi nayo Kitale nimeifunga kwa kitambaa, nikaisafisha kwa maji na sabuni, nikaomba mashine ya zamani kwa fundi wa redio. Jua na mvua vilikuwa vimeimaliza. Upande wa juu ulibanduka kwa kucha, ukatoka vipande vipande vya fedha, na ukiishika kwenye dirisha unaona mtaa kupitia kwake. Fundi alinirudishia hata sikumwomba ajaribu tena.

Wiki mbili zilikuwa zimekuwa saba nilipokwenda Sirisia. Nilibeba kompyuta kwa sababu sikujua niende na nini.

Kukhu alikuwa amekaa sebuleni amejifunga leso shingoni, nyepesi, iliyokuwa ikiingia na kutoka kila alipopumua. Alikuwa amekonda. Alishika mkono wangu kwa mikono miwili, na akaitazama ile kompyuta, na nikaona kwamba walimwambia nakuja na sauti. Wajukuu watano walikuwa wamepangwa kwenye mkeka. Binti alikuwa amefunga mapazia ili picha ionekane vizuri.

Nilimwambia ukweli kwa Lubukusu yangu mbovu, kwa sababu sikutaka mtu anisaidie. Nilimwambia kwamba haipo. Kwamba nilifuta mimi kwa mkono wangu, kabla hata ya ile siku ya tamasha, na kwamba hotelini nilipomwambia iko salama sikuwa na hakika. Nilimwambia nimetafuta kila mahali. Binti alitoka nje, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa. Kukhu hakubadilika uso. Aliendelea kunitazama kana kwamba sijafika mwisho, kwamba baada ya hayo nitafungua ile mashine.

Sasa hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu hutamani kujificha. Nilitaka kurekebisha. Nilikuwa na maneno yake yote kichwani, dakika kumi nzima, ng'ombe kwa ng'ombe, ambayo yeye mwenyewe hakuyakumbuka na hakuna mwingine aliyekuwa nayo tena. Nikafikiri: haya angalau nimpe. Nikaanza kuyasema, kwa Lubukusu yake. Na kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu na sijui kuongea kwa njia nyingine, sikuyasema kwa sauti yangu. Nilishusha koo, nikaikwaruza, nikapanda nayo polepole na kuipasua pale alipokuwa akiipasua, nikavuta silabi ya mwisho. Wajukuu walitazamana. Mmoja akasema kwa mshangao, "Ni kukhu!" Binti akarudi mbio akasimama mlangoni, mikono kichwani, machozi yakimtoka, akisema ni yeye, ni yeye kabisa, mama yangu.

Nilikuwa nimefika ng'ombe wa tatu. Kukhu akainuka kwenye kiti. Ilimchukua muda. Akanijia, akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

Hakunipiga wala hakubonyeza kwa nguvu. Kiganja kilikuwa kikavu na chepesi, na kilikaa pale mpaka nilipoacha kutikisa midomo. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu. Nilisikia hewa ikipita shingoni mwake.

Alipouondoa mkono alionyesha kompyuta. Nikaifungua. Akaonyesha sikio lake, akapunga mkono hapana, nikaelewa, nikashusha sauti mpaka mwisho. Tukaitazama filamu nzima bila sauti, sisi wote, na hakuna aliyeondoka. Mlima ukapita, mashamba yakapita. Kisha akatokea yeye katikati ya boma, mwenye nguvu, kitambaa kimemponyoka kichwani, anamfokea shemeji, mdomo ukifunguka na kufumbika kwa zile dakika nne nilizomwachia. Kukhu aliinama mbele, akautazama mdomo wake mwenyewe kwa makini, akijaribu kuusoma. Hakuweza. Nilimwona asivyoweza.

Mjukuu mdogo, msichana wa miaka sita hivi, alisogea magotini kwangu akanivuta nguo.

"Hapo kukhu anasema nini?"

Wote wakageuka kunitazama. Kukhu pia alinitazama, na mkono wake, uleule ulionifunika mdomo, ulikuwa umeinuka kidogo juu ya paja.

Nikamwambia mtoto sijui.